Jeshi la pointi 2,000 na boksi moja mezani: nianzie wapi?

Swali: Salaam. Nipo Tanga, nina miaka thelathini na ushee, kazi yangu ni ya ofisini. Kaka yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo akaniachia boksi dogo la kuanzia la Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani wa vijisanamu unavyopaka rangi mwenyewe; lina askari wa anga, Space Marines, watano na kundi la wale wadudu, Tyranids, pamoja na rangi chache, brashi moja na koleo. Sijashika brashi tangu shule ya msingi. Nimetazama video mpaka kichwa kinauma: huyu anasema nunua airbrashi ya kupulizia rangi kwa hewa, yule anasema bila praima fulani unapoteza muda, mwingine ana ukuta mzima wa rangi. Nina rafiki wawili wanaotaka tucheze. Lengo langu ni jeshi la pointi 2,000. Kaka atarudi Desemba na amesema nimtumie orodha. Niagize nini, na nianzie wapi?

Jibu: Orodha iweke pembeni kwanza, ndugu yangu. Usiagize kitu chochote mpaka wale Space Marines watano wawe wamekamilika, kuanzia kofia ya chuma mpaka kitako wanachosimamia. Watano tu. Wadudu waache kwenye fremu za plastiki walizokuja nazo, hawataoza.

Kinachowashinda wengi katika mchezo huu ni pochi, brashi haina hatia. Ingia kwa mpenzi yeyote wa Warhammer, awe Nottingham yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni yenye mchezo huu, au awe Nairobi, utaoneshwa kabati, na ndani ya kabati kuna rundo la plastiki ya kijivu ambalo halijaguswa. Wenyewe wanaliita rundo la aibu. Mtu ananunua jeshi zima kwa moto wa wiki ya kwanza, anakata na kuunga askari arobaini, anawapanga mezani na kuanza kuwapaka wote kwa mkupuo mmoja. Akifika kwenye mikanda ya askari wa kumi na mbili, hamu imekwisha. Hajamaliza hata mmoja, kwa hiyo hana hata mmoja wa kumtazama na kusema, huyu nimemtengeneza mimi.

Niseme kidogo kuhusu hizo pointi, maana wapo watakaosoma hapa hawajui. Kila kikosi kina bei yake ya pointi, wachezaji wanakubaliana jumla, na kila mmoja anakuja na jeshi lisilozidi jumla hiyo. Pointi 1,000 ni pambano dogo, 2,000 ndilo la kawaida kwenye mashindano. Kwa Space Marines, 2,000 huwa vijisanamu arobaini, hamsini, pengine sabini, kutegemea umejaza magari au watu. Kwa Tyranids, ukiwapenda wale wadogo, utapita mia. Na bei hizo kampuni inazibadilisha mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo jeshi ulilolipigia hesabu leo mpaka ulimalize kulipaka litakuwa limezidi au limepungua. Boksi la Combat Patrol, yaani jeshi dogo la kuanzia, ambalo kwa wengi ndilo hatua ya pili, Uingereza linakaribia pauni 100, na peke yake halikufikishi nusu ya safari. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi, kisha urudi tuzungumze habari ya wale watano.

Habari njema ni kwamba vijisanamu vya boksi lako ni vya kubonyeza, havihitaji gundi. Vikate kwenye fremu kwa hatua mbili: kwanza kata mbali kidogo na kipande, kisha sogea ukate kile kibaki kilichobakia. Ukikata karibu mara moja, plastiki inachanika na kuacha shimo. Kishikizo kikigoma kuingia, kipunguze urefu kwa koleo badala ya kukikandamiza kwa nguvu. Halafu tafuta mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaozunguka miguu na mikono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana kiwandani. Ukwangue kwa mgongo wa kisu. Ukiuacha, sasa hivi hutauona; utauona rangi ikishapita, na hapo umechelewa.

Sasa praima. Rangi za mchezo huu ni akriliki, za maji, na juu ya plastiki tupu hazishiki: unashika askari mara tatu, goti linabaki kijivu. Unahitaji tabaka la kushikia. Waliopo Ulaya wanapuliza kwa kopo. Wewe upo pwani, na pwani ina mambo mawili yanayoharibu kazi hiyo. Joto kali hukausha matone ya rangi yakiwa bado hewani, yanafika kwenye kijisanamu yakiwa vumbi, na uso unakuwa wa mchanga mchanga. Unyevu nao huiachia vanishi, lile tabaka la mwisho la kulinda rangi, ukungu mweupe ambao kuuondoa ni kazi. Kwa hiyo ukitumia kopo, ngoja umande ukauke, tafuta saa isiyo na upepo, simama sentimita 20 hadi 30, pitisha mkono bila kusimama, na wakati wa masika usijaribu kabisa. Makopo ya praima ya magari yanapatikana mjini na baadhi yanafaa vizuri, ila mengine yana vimiminika vinavyoyeyusha plastiki. Puliza kwanza kwenye kipande cha fremu uliyokata, ukiache mpaka kesho yake, kisha ukikwaruze kwa ukucha. Kama fremu imelainika au rangi inabanduka, hilo kopo limpelekee fundi wa gari. Mimi kwa mtu wa Tanga ningependelea praima ya kupaka kwa brashi. Inakula muda, lakini haijali hali ya hewa.

Kabla ya kupaka, mbandike askari juu ya kizibo kikubwa au kopo tupu la dawa ili vidole vyako vishike kopo, visimshike yeye.

Rangi gani? Space Marines wanaooneshwa kwenye boksi lako ni Ultramarines, wa bluu, na bluu hiyo inafunika vizuri na inasamehe makosa. Kama moyo wako hauna tatizo nayo, baki nayo. Najua lakini Watanzania wenzangu, mtu akipewa uhuru wa kuchagua rangi za jeshi lake anakimbilia jezi. Mashabiki wa Yanga mtanisamehe: njano ni rangi ngumu kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu haifuniki. Ukiipaka juu ya nyeusi inakuwa kijani chafu, ukirudia mara tano inakuwa nene na bado ina mabaka. Wenye uzoefu hutanguliza rangi ya haradali au kahawia hafifu, ndipo njano ije juu. Na wa Simba msicheke, nyeupe haina nafuu. Huanzwa na kijivu hafifu, na nyeupe halisi hubakizwa kwa sehemu za juu tu. Ukitaka jeshi lenye rangi ya Jangwani, chukua kijani mwilini na njano uiweke kwenye bega moja. Hata ndani ya hadithi ya mchezo wapo Salamanders, wa kijani, na wao ndio wapenzi wa silaha za moto, na hao watano wako wamebeba hizo hizo.

Tuchukue askari mmoja na bluu yake. Usichovye brashi kwenye chupa na kupeleka moja kwa moja mwilini. Toa tone, liweke kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, ongeza maji kidogo, changanya mpaka iwe kama maziwa freshi, kisha futa ubavu wa brashi kwenye kitambaa. Tabaka la kwanza litaonekana baya, litaachia praima ionekane hapa na pale. Liache hivyo. Anayeanza hapo ndipo anapotia wasiwasi na kurudi juu ya rangi mbichi, brashi inaikwangua, na vile vichirizi vinabaki milele. Subiri ikauke, kisha tabaka la pili. Duncan Rhodes, aliyekuwa akifundisha kupaka kwenye video za Games Workshop mpaka 2019, alirudia neno hili la matabaka mawili membamba mara nyingi kiasi kwamba rangi zilizokuja kutoka na jina lake ziliitwa Two Thin Coats. Watu wanamtania, lakini hakuna aliyepata njia bora.

Kwa joto lenu rangi itakauka kwenye paleti kabla hujamaliza mguu. Tengeneza paleti nyevu: chukua kontena bapa lenye mfuniko, tandika sponji ya jikoni iliyolowa au tishu kadhaa zenye maji, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na rangi zako uziweke juu ya hiyo karatasi. Unyevu unapanda taratibu, rangi inabaki hai saa nyingi, na ukifunika unaikuta kesho yake. Zipo za kununua, nzuri za kuvutia macho. Fedha hiyo nunulia brashi.

Baada ya bluu, weka nyeusi kwenye bunduki na viungo vya vazi, kisha rangi ya chuma pale panapostahili. Ukitoka nje ya mstari usifute. Ngoja ikauke, rudisha bluu juu yake. Kisha inakuja hatua ambayo humfanya mgeni acheke peke yake mezani: rangi ya kivuli. Ni rangi nyepesi sana, maarufu zaidi ni Nuln Oil nyeusi na Agrax Earthshade ya kahawia. Unaipaka, inatiririka yenyewe kwenye mifereji ya vazi, kwenye pindo za magoti, chini ya mkanda, na ghafla plastiki iliyokuwa bapa inapata umbo. Kazi yako ni moja tu, kutazama isituame. Ukiona dimbwi kwenye bega, gusa kwa brashi yenye unyevu bila rangi, litanyonywa. Kisha mwache kabisa. Akiguswa kabla hajakauka atakuwa na madoa, na kwa unyevu wa pwani kukauka huko kunachukua muda kuliko video zinavyosema.

Ukishafika hapo, chukua bluu ile ile uliyoongeza nyeupe kidogo, na kwa ubavu wa brashi, usitumie ncha, pitisha kwenye kingo: juu ya bega, ukingo wa kofia, goti. Mstari ukikatika sawa, ukinenepa sawa. Macho ni tone moja moja, na kama mkono unatetemeka yaache. Mchezaji mwenzio anamtazama askari huyu akiwa umbali wa mkono, haoni macho. Anachoona ni kitako.

Kitako ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, na mimi nakipa nusu ya alama. Askari aliyepakwa wastani akisimama kwenye ardhi nzuri anaonekana kazi ya fundi. Aliyepakwa kwa ustadi akisimama kwenye plastiki nyeusi tupu anaonekana hajaisha. Paka gundi nyeupe ya seremala juu ya kitako, chovya kwenye mchanga. Wa ufukweni unafaa ila uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa na kuukausha, maana chumvi itakuja juu ya rangi baadaye. Ukishakauka paka kahawia, weka rangi ya kivuli, kisha brashi kavu: chukua rangi ya mfupa, ifute yote kwenye kitambaa mpaka brashi ionekane haina kitu, halafu piga piga juu ya mchanga. Kila chembe itashika mwanga. Brashi bora ya kazi hiyo ni ile ya kina dada ya poda, laini, ya mviringo, inauzwa duka lolote la vipodozi kwa bei ya soda chache. Malizia ukingo wa kitako kwa nyeusi, nadhifu.

Hapo una askari ambaye kwenye mashindano anatosheleza kiwango wanachokiita Battle Ready. Katika kanuni za toleo la 10, la 2023, jeshi lote likiwa hivyo linakupa pointi 10 kati ya 100 za ushindi wa pambano, kabla hujarusha dadu. Wapo wanaosema si haki kumlipa mtu kwa rangi. Mimi naona ni haki kabisa.

Airbrashi sahau kwa mwaka huu. Inataka kompresa, inataka umeme wa uhakika, inataka barakoa na chumba chenye hewa, na kuisafisha ni kazi kuliko kupaka. Brashi za bei kali nazo zisubiri. Series 7 za Winsor & Newton, ambazo zilianza kutengenezwa 1866 kwa ajili ya Malkia Victoria, ni raha kuzitumia, lakini anayejifunza atazichakaza kama za shule. Nunua za nyuzi bandia namba 1 na namba 2, usiache rangi ipande mpaka kwenye kile kichuma kinachoshika nywele, na kila ukimaliza zioshe kwa sabuni ya kipande na kuirudisha ncha kwa vidole. Usiiache imesimama kwenye glasi ya maji hata dakika tano.

Ukiharibu kabisa, usitupe. Mtumbukize askari kwenye Dettol isiyochanganywa na maji usiku mzima, kisha msugue kwa mswaki wa zamani. Siri moja: usimsuuze kwa maji mara moja, maana Dettol, rangi na maji vikikutana vinakuwa ute unaong'ang'ania. Suuza kwa Dettol nyingine kidogo, malizia kwa sabuni ya vyombo, ndipo maji. Vaa glavu. Njia hii ni ya plastiki na chuma, resini usiiamini.

Watano wakisimama, wadudu watakushangaza kwa wepesi wao. Wapake praima nyeupe au ya mfupa, kisha tumia rangi za aina ya Contrast, ambazo Games Workshop walizitoa 2019, au Speedpaint za Army Painter. Tabaka moja linafanya rangi na kivuli kwa pamoja, na viumbe wenye misuli na magamba ndio hasa waliotengenezewa. Rangi moja ya nyama, nyingine ya gamba, kucha na meno, basi. Kwenye vazi bapa la Space Marine rangi hizo huacha mabaka, ndiyo maana sikukuambia uanze nazo.

Na hao wadudu si lazima wawe wako. Mpe rafiki mmoja Tyranids, awapake yeye. Tayari mna majeshi mawili na hamjatumia senti. Kanuni za msingi za toleo la 10 kampuni iliziweka bure mtandaoni, na zipo kanuni za Grimdark Future za One Page Rules, nazo bure, ambazo zinakuruhusu kucheza na kijisanamu chochote mlicho nacho na zinajifunzika jioni moja. Uwanja wa pambano dogo la Combat Patrol ni inchi 44 kwa 30, sawa na sentimita 112 kwa 76. Meza ya chakula inatosha. Kipimo tumia futi ya fundi cherehani, ile ina inchi tayari. Vilima viwe vitabu chini ya shuka, magofu yawe maboksi ya viatu, vifuu vya nazi vilivyopakwa kijivu ni mapango mazuri sana ya Tyranids.

Rafiki wa pili, kama hapendi mambo ya anga za mbali, mwambie kuwa vita vyenu wenyewe vya Tanga vina watu wanaovicheza. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India hapo hapo Ras Kasone, wakapigwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ambao hawakufika robo yao, na nyuki wakaingia katikati ya pambano wakishambulia pande zote. Yapo makampuni yanayotengeneza askari wa kampeni ile kwa kimo cha milimita 28. Kwa mpakaji ni zawadi: khaki juu ya khaki, rangi ya kivuli ya kahawia, brashi kavu, umemaliza. Halafu mna uwanja halisi mnaoweza kuutembelea jioni mkapima umbali kwa miguu, jambo ambalo wachezaji wa Ulaya wanalilipia nauli ya ndege. Sharti langu moja tu: nyuki wawe na kadi yao.

Sasa ndiyo turudi kwa kaka. Ukiwa na picha ya watano waliokamilika, mtumie orodha fupi: chupa moja ya praima ya brashi, ile ya Vallejo ya mililita 60 itakudumu sana, Agrax Earthshade na Nuln Oil, rangi ya mfupa, kahawia na chuma, vanishi isiyong'aa ya chupa, brashi mbili tatu, na kikosi kimoja, kimoja tu, ulichokipenda kwa sura yake bila kujali nguvu zake mezani, kwa sababu nguvu zitabadilishwa na sura itabaki. Kwa rangi za kawaida chagua chupa za matone badala ya vikopo vya mfuniko, kwa joto la kwenu vikopo hukauka vikiwa kabatini. Hizo zote ni za maji, zinasafiri kwenye begi bila shida. Makopo ya kupuliza asibebe, yanashika moto na uwanja wa ndege hawayaruhusu, wala ile gundi ya plastiki inayoyeyusha, nayo ni ya moto vilevile. Kikosi kipya kikihitaji gundi, supagluu ya duka la jirani itakishika.